Namba Ishirini na Tatu

Kila asubuhi nilitembea kutoka Kiogoro hadi shuleni mjini Kisii, na nilipofika sikuketi. Nilisoma kwanza karatasi ya mlangoni mwa darasa la saba, yenye namba za watu wanne wa kuteka maji mtoni. Mimi nilikuwa ishirini na tatu. Jamani, namba hiyo ilipenda kutoka!

"Loice, leo tena?" Drusilla, mwenzangu wa dawati, alinitania. "Umeikosea nini hiyo kompyuta?"

"Muulize Karan," nilijibu. Hata kucheka kulinichosha.

Karan alikuwa mwanafunzi mwenzetu. Babake, Bwana Subhash, alikuwa na duka la vitabu na kompyuta moja, ya kwanza wengi wetu kuiona, mwaka huo wa 1997. Karan aliitumia kupanga zamu zetu za maji: alichora visanduku kwenye skrini, akaviunganisha kwa mistari. Kimoja kilichagua namba yoyote kati ya moja na arobaini. Kingine kiliwaruka wasioweza kuteka: Orwa, namba ishirini, aliyevunjika mkono, Anyiko, ishirini na moja, mwenye pumu, na Okemwa, ishirini na mbili, aliyehamia Magwagwa.

"Kompyuta haina upendeleo," Mwalimu Ongeri alitangaza gwarideni, na shule nzima ikampigia Karan makofi.

Wenzangu walienda mtoni mara moja kwa wiki mbili. Mimi nilienda mara mbili, hata tatu, kwa wiki moja. Mabega yaliniuma. Siku ya Ijumaa nilisinzia katika somo la hesabu, kalamu mkononi.

"Loice! Ukilala tena, nakuondoa kwenye kundi la mashindano ya hesabu huko Nyamira," Mwalimu alifoka.

Mashindano hayo niliyasubiri mwaka mzima. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi nilikwenda dukani. "Karan, nionyeshe inavyochagua," nikamwambia.

Akabonyeza. Ikatoka saba. Akabonyeza tena na tena, mpaka ikatoka ishirini na moja, kisha hapohapo ikawa ishirini na tatu.

"Mbona imebadilika?"

"Anyiko ameondolewa. Inasonga mbele mpaka impate anayeweza."

"Na Orwa akitoka? Na Okemwa?"

Karan akaondoa kidole kwenye kibodi.

"Wote wanaishia kwangu!" nikasema. "Nabeba zamu za watu wanne! Ulijua?"

"Niligundua wiki iliyopita," akasema kwa sauti ndogo. "Walikuwa wamenipigia makofi, Loice. Niliona aibu."

Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa nimechoka mno kuweza kugombana. "Basi itengeneze. Na Jumatatu umwambie Mwalimu mwenyewe."

Akafuta mstari mmoja, akachora mwingine. Sasa namba iliyokatazwa ikitoka, inatupwa, na kompyuta inachagua upya kabisa.

Jumatatu Karan alisimama mbele ya darasa akakiri yote. Mwalimu Ongeri aliweka chaki mezani.

"Kukosea si dhambi, Karan. Kuficha kosa ndiko kulikomwumiza mwenzako, na leo umefanya vyema kusema," alisema. "Mimi pia nimekosa. Nilimwona mtoto amechoka, nikaiamini karatasi. Mashine hufanya ilivyoagizwa. Kumwangalia mwenzako usoni ni kazi yetu sisi."

Kisha akanigeukia. "Loice, Nyamira utakwenda. Kwa sasa laza kichwa mezani, mama. Kengele ikilia, tutakuamsha."

Sikusubiri aniambie mara ya pili.