Kiti Chekundu

Kila asubuhi Chiriku alifuta pikipiki ya baba yake kwa kitambaa kibichi, huku mdomo ukienda mbio kuliko mkono. Aliongea na pikipiki, akaongea na kuku, akamsalimu kila aliyepita. Ndiyo maana wakampa jina hilo la ndege asiyenyamaza.

Jumamosi moja Baba alikagua kiti cha nyuma. Kilikuwa kimechanika, sponji imechungulia nje. Baba alikuwa dereva wa pikipiki, na abiria wake wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, bibi yake Chiriku, aliyeanguka akaumia nyonga. Mara kwa mara alimpeleka hospitali kufanya mazoezi ya mguu. Daktari alikuwa ameonya kwamba akiyaacha mguu utakakamaa, na huenda asitembee tena.

"Naipeleka pikipiki kwa fundi wa viti, kisha naenda kwenye kikao cha madereva," Baba alisema. "Wewe mchukue Bibi, avikalie viti mwenyewe, achague kisichomuumiza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Alielewa vizuri sana. Lakini kwenda na Bibi kulikuwa mwendo wa kinyonga, na rafiki zake walikuwa wanamngoja waruke kamba. Basi akatoka mbio peke yake.

Kwa fundi, viti vilikuwa vimepangwa ukutani. Kimoja cheusi, kipana, bapa, hakina hata urembo wa uzi. Kingine chekundu, chembamba, kimeinuka nyuma na kinang'aa! Chiriku akakibonyeza kwa kidole. Kilibonyea.

"Hiki, fundi! Tena laini."

"Kidole hakina nyonga, mwanangu," fundi alisema bila kuacha kushona. "Nani atakikalia?"

"Bibi yangu."

"Yuko wapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Amenituma nimchagulie," Chiriku akajibu. Uongo huo ulitoka haraka, wala haukumkwaruza koo.

Jioni Baba alirudi na kiti chekundu. Alikizunguka mara mbili. "Mbona chembamba? Bibi amekikalia kweli?"

"Amekikalia, Baba! Amekipenda mno!"

Bibi alikuwa hapo hapo mlangoni, amekamata fimbo yake. Chiriku akageuka kukifuta kiti. Bibi alimtazama, kisha akamgeukia mwanawe.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ni kizuri."

Jumatatu watoto wa jirani walikizunguka kile kiti wakikipapasa. "Pikipiki ya kwenu sasa ni ya harusi!" walisema. Chiriku alicheka nao, mpaka Bibi aliporudi kutoka hospitali. Alishuka taratibu, akashika ukuta, akasimama pale amefumba macho. Kiti kilikuwa kinamtelezesha mbele kila pikipiki ilipofunga breki, na sponji yake ilizama hadi kwenye ubao. Chiriku aliona aibu, akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku iliyofuata Bibi alimtania kama kawaida, "Mke mwenzangu, leo umemeza ulimi?" Chiriku akainama kufagia. Angewezaje kutaniana na mtu aliyekuwa anaumia kwa ajili yake?

Safari ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Na siku ya safari ya tatu, Baba alipowasha pikipiki, Bibi alikaa tu kwenye kigoda.

"Leo siendi," akasema. "Nimepona."

"Kweli, Mama? Alhamdulillahi!" Baba alifurahi, akapanda pikipiki yake aende kazini. Lakini Chiriku alikuwa amemwona Bibi asubuhi ile ile akitambaa na ukuta kutoka chumbani. Akayakumbuka maneno ya daktari. Akakimbia, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Baba, usiende! Bibi hajapona. Hakukikalia kile kiti. Nilikwenda peke yangu, nikadanganya!"

Baba akazima pikipiki. Alimgeukia mama yake. "Mama, kwa nini hukuniambia? Hujui mficha maradhi kifo humuumbua?"

"Mtoto alikuwa ameshasema," Bibi akajibu polepole. "Niliona heri nyonga iniume kuliko yeye aumbuke mbele yako."

Chiriku alilia kwa kwikwi. Laiti ardhi ingepasuka immeze!

"Futa machozi, umpe Bibi bega," Baba alisema. "Tunakwenda wote kwa fundi, kwa miguu."

Wakaenda kwa mwendo ule ule wa kinyonga alioukimbia, Baba akisukuma pikipiki. Rafiki zake waliwaona. Chiriku hakuinua uso.

"Kumbe huyu ndiye Bibi aliyekutuma?" fundi aliuliza.

"Hakunituma, fundi. Nilikudanganya. Nisamehe."

Fundi alikifunga kile cheusi kwenye pikipiki, akamkalisha Bibi, miguu juu ya vikanyagio. "Usinijibu upesi, mama. Kiti kibaya hujisema kikishakaliwa." Akaendelea kushona kazi nyingine. Baada ya muda mrefu Bibi akatabasamu. "Hapa hata usingizi ungenichukua."

Kiti chekundu kikarudi ukutani.

Kabla hawajaondoka kwenda hospitali, Bibi alimvuta Chiriku karibu. "Uongo wako ulikuwa maneno mawili tu, mjukuu wangu, nawe ukaenda kuruka kamba. Mimi ndiye niliyeukalia njia nzima. Nami nimekosa, nilikufichia nikidhani ndiko kukupenda. Ukikosea tena, sema mapema, kabla mtu hajaumia."

"Nimesikia, Bibi."

Kesho yake Chiriku alikuwa anakifuta kile kiti cheusi. Rafiki yake mmoja akapita, akacheka. "Lo! Hilo si benchi la zahanati? Nani amewachagulia?"

Chiriku alisikia uso unamchoma kwa aibu. Safari hii hakutafuta uongo.

"Anayekikalia," akajibu, akaendelea kufuta.