"Abee" ya Bonifasia

Baba yangu mdogo, Celestini, aliigiza wanawake. Mwaka 1996, pale Ngara, mume gani angemruhusu mkewe apande jukwaani kuwachekesha wakimbizi? Basi wanawake wote wa kikundi chao cha maigizo walikuwa yeye. Kukata kiuno alikujua kuliko shangazi zangu wote, Mungu anisamehe.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Audax, rafiki yake wa tangu utoto. Walipata kipaimara siku moja. Jumapili moja baada ya misa, Audax alimletea kitenge cha kuigizia.

"Nimekipata gulioni," alisema. "Na leo nitakuita Bonifasia. Itika vizuri."

Kuitika ndiko kulikokuwa kichekesho chenyewe. Mwanamume huitika "naam", mwanamke "abee". Baba mdogo aliivuta hiyo "abee" mpaka watu wakashika mbavu.

Saa tisa alasiri, chini ya turubai, baba mdogo akiwa amejifunga kitenge hicho, Audax aliita, "Bonifasia!"

"Abeee!"

Hakuna aliyecheka. Haikuwa sauti ya kubana pua. Ilikuwa ya mwanamke hasa. Baba mdogo alijishika koo. Audax hakumtazama, alishuka jukwaani, akaenda zake.

Nyumbani, mama mdogo Secilia alimwita mumewe aje kula.

"Abee."

"Acha mchezo, Baba Teddy."

Alijitahidi kusema naam. Nilimwona. Mishipa ilimsimama shingoni. Machozi yakamtoka.

"Abee."

Tulikimbilia kwa Audax, tukamkuta akifunga mizigo.

"Bonifasia alikuwa mke wangu wa kule Nemba, ambaye hamkumjua," alinong'ona. "Amekufa ameacha kichanga. Kila siku ananiita. Mganga akasema, mtu akivaa kitenge chake kile na kuitikia jina lake, ataniacha mimi, ahamie kwa huyo."

"Kwa nini mume wangu?" mama mdogo aliuliza.

"Nani mwingine angevaa bila kuniuliza maswali?"

Baba mdogo alikaa chini, palepale mlangoni. Audax alimruka miguu, akaondoka. Hatujamwona tena, na mimi namchukia mpaka leo.

Kesho yake mama mdogo alifua shati la mumewe, akalianika juani. Hadi alasiri lilikuwa limekauka lote, isipokuwa sehemu mbili kifuani. Alilinusa, akalitupa chini. Nililiokota mimi.

Lilinuka maziwa ya mama anayenyonyesha.