Jicho la Kitanda

Saa moja na robo asubuhi mama yake Yiu aliingia nyumbani akiwa na kiatu kimoja mkononi. Hicho alikivua kwenye lifti kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na cha pili alikivulia mlangoni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika makao ya wazee, ambako aliwageuza wazee ishirini na wawili kitandani, huyu ubavu wa kulia, yule wa kushoto, mpaka kukakucha. Aliegemea ukuta, akafumba macho.

"Yiu, niteremshie kitanda, mwanangu," alisema.

Kitanda kilikuwa darini. Karibu kila kitu cha familia ya Kwan kilikuwa darini: vitanda, meza, makasha ya nguo, hata chupa kubwa ya Bibi ya maganda ya machenza aliyoyakausha mwaka Yiu alipozaliwa. Chumba chao, ghorofa ya kumi na saba pale mtaani Sham Shui Po, kilikuwa hatua saba kwa hatua tano, na watu walikuwa wanne. Ukitaka kulala, unabonyeza kitufe na kitanda kinashuka polepole kwa mikanda yake minne. Ukitaka kula, unakipandisha ili meza ipate pa kushukia. Mmoja ale huku mwingine amelala, hilo halikuwezekana. Wenye jumba waliifunga mitambo hiyo kwa majaribio, na mlangoni walibandika onyo: atakayechezea jicho la kitanda atahamishwa.

Yiu alibonyeza. Kitanda kilishuka shubiri moja, kikasimama.

"Kuna kitu chini. Tafadhali ondoa," ilisema sauti ya mtambo.

Bibi alikwisha kivuta kigoda chake pembeni; chini hakukuwa na kitu tena ila moshi. Kila asubuhi Bibi, mama mzazi wa Baba, aliwasha vijiti vitatu vya udi kwenye rafu nyekundu ya wahenga, mbele ya picha ya Babu. Moshi ulipanda taratibu hadi kwenye jicho, kioo cheusi kidogo kama kifungo cha shati, kilichokuwa uvunguni mwa kitanda. Jicho liliuona moshi likadhani ni mtu.

"Bibi, jamani, Babu hajamaliza tu?" Yiu aliuliza.

"Babu yako alikuwa hana haraka hata alipokuwa hai," Bibi alijibu. "Mwache."

Mama aliteleza ukutani taratibu hadi akakaa sakafuni, na hapohapo usingizi ukamchukua, mdomo wazi, kiatu bado kimo mkononi. Robo saa nzima alilala hivyo akisubiri moshi uishe. Yiu alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na si mtoto wa kulialia. Lakini alipomtazama mama yake pale chini, ilimbidi ageuze uso.

Kesho yake, kabla Mama hajarudi, Baba akiwa kazini na Bibi bafuni, alichukua plasta ya kidonda kwenye kisanduku cha dawa, akapanda juu ya kigoda cha Bibi, akaliziba lile jicho.

Kitanda kilishuka bila neno. "Leo kimekuwa na adabu," Mama alisema, akajitupa juu yake na nguo zake zote. Yiu alikwenda shule siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakumwambia mtu.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuangalia. Bibi alikuwa na kigoda chake, kazi ya mikono ya marehemu Babu, na kila asubuhi alikaa nacho katikati ya chumba akinywa chai, mahali palepale kitanda kinaposhukia. Hakukiondoa mpaka mtambo umwambie. "Huyo wa juu akinifukuza nitaondoka," alikuwa akisema, na kweli, sauti ikisema 'kuna kitu chini,' Bibi alijibu "Nimesikia, nimesikia," akakivuta kigoda chake pembeni. Sasa sauti ilikuwa haisemi. Kwa hiyo Yiu alikisogeza yeye mwenyewe kabla ya kubonyeza. Wiki tatu alifanya hivyo bila kukosa, na Bibi alidhani mjukuu wake ameongeza heshima.

Ikaja wiki ya mitihani. Yiu alikuwa akisomea kwenye ngazi za jumba, maana mchana Mama amelala na jioni meza ina vyombo, na macho yalikuwa yakimwasha kwa uchovu. Jumatano asubuhi Mama aliingia, akaegemea ukuta kama kawaida. Yiu, kitabu cha hesabu mkono wa kushoto, alibonyeza kwa mkono wa kulia bila kuinua uso.

Alisikia mti ukipasuka. Kisha akasikia Bibi akipiga ukelele.

Bibi alikuwa amesimama kandoni akijimiminia chai, na kigoda kilikuwa palepale pake. Kitanda kilikikalia kikavunja mguu wake mmoja, na ukingo ukampiga Bibi kwenye kifundo cha mkono. Akaanguka. Mama, aliyekuwa hoi dakika moja iliyopita, alikuwa wa kwanza kumfikia. Yiu alibonyeza kitufe cha kupandisha mara kumi. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukagoma, na kitanda kikabaki kimening'inia mshazari, urefu wa kifua cha mtu, hakishuki wala hakipandi.

"Mama, hukuisikia sauti?" Mama aliuliza huku akimfunga mkwe wake bandeji. "Siku zote huwa unasikia."

"Sikuisikia," Bibi alisema. Alikuwa akiitazama ile mashine kwa mshangao. "Au ilisema? Yiu, ilisema?"

Yiu alifungua kinywa. Macho yake yakaangukia lile onyo mlangoni. "Sijui, Bibi," alijibu.

Fundi angeweza kuja Jumamosi tu. Siku hizo zote waliishi wameinama. Kwenda chooni unainama, kwenda jikoni unainama, na Baba, dereva wa basi la ghorofa mbili, mtu mrefu, alijigonga paji la uso mara tatu jioni ya kwanza. Meza haikuweza kushuka, wakala uji wa mchele bakuli zikiwa mapajani. Mama alilala sakafuni chini ya kitanda kile kilichopinda, na kila alipoamka alikuwa amechoka kuliko alivyolala.

Alhamisi, Mama akiwa bafuni na Bibi dirishani, Yiu alipitisha mkono chini ya kitanda akabandua plasta. Hata kigoda hakikuhitajika sasa. Aliificha ndani ya mkebe wa kalamu. Alifikiri moyo utatulia, lakini wapi.

Ijumaa, mwenzake wa darasani aitwaye Ho-lam, anayekaa ghorofa ya kumi na sita, alimdaka mlangoni mwa shule.

"We, nasikia bibi yako kavunja kitanda! Mama anasema siku hizi kichwa chake hakiko sawa. Anakujua jina kweli?"

"Funga mdomo wako," Yiu alisema.

"Ala! Si nauliza tu?"

"Na mimi nakwambia tu."

Lakini nyumbani maneno yalikuwa hayohayo, ila yalisemwa kwa upole. Alimkuta Mama na Baba wamekaa ubavuni mwa kitanda, wamejikunyata.

"Kule kazini kuna kitanda kitakuwa wazi Jumatatu," Mama alisema. "Sitaki, unajua sitaki. Naijua ile sehemu. Lakini tukimwacha hapa peke yake na mitambo hii, nami nimelala kama gogo, siku nyingine haitakuwa mkono."

Baba alijifuta uso. "Angalau utakuwa unamwona usiku," alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu ya kubishana.

Bibi alisikia kila neno, chumba ni kimoja. Alikuwa ameelekea dirishani, akinong'ona. Yiu alikwisha mwona akinong'ona hivyo asubuhi zote mbili, akadhani anasali. Hakuuliza.

Jumamosi alikuja Fundi Leung, mtu wa makamo mwenye magoti yaliyolia kila alipochuchumaa. Alifungua mikanda, akaipanga, akakinyoosha kitanda. Kisha akapitisha mkono chini ya jicho mara tatu, na mara zote tatu sauti ikasema, "Kuna kitu chini. Tafadhali ondoa." Akaitazama kumbukumbu ya mtambo.

"Jicho ni zima kabisa," alisema. "Na hapa Jumatano linaonyesha kuwa kitanda kilipoanza kushuka, chini palikuwa patupu. Maana yake kigoda kiliingizwa baadaye, kitanda kikiwa njiani. Itabidi niandike uzembe wa mtumiaji. Nani alikiingiza?"

Alimsogezea Baba karatasi yake aandike jina. Baba alishika kalamu lakini hakuandika.

"Andika jina langu," Bibi alisema. "Mimi ndiye. Sikumbuki kukiingiza, lakini mtu mwenye akili iliyopotea atakumbukaje? Andika, mwanangu, mtu wa watu aende zake. Jumatatu siyo mbali."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililomshinda Yiu. Angelia, pengine Yiu angezidi kunyamaza. Alifungua mkebe wa kalamu, akatoa plasta iliyokunjamana, akaiweka juu ya karatasi ya fundi.

"Hakukiingiza," alisema. "Kigoda kilikuwepo tangu mwanzo. Jicho halikuona kwa sababu nililiziba mimi. Kwa wiki tatu. Niliibandua plasta Alhamisi. Bibi hajasahau kitu chochote."

"Uliliziba?" Baba aliuliza taratibu. "Kwa nini?"

"Moshi wa udi ulikuwa ukilizuia, na Mama alikuwa akilala sakafuni na kiatu mkononi." Sasa machozi yalikuwa yakimtoka. "Nilikuwa nakisogeza mimi kigoda kila siku. Jumatano nilisahau. Mimi ndiye niliyesahau."

Mama alijifunika uso kwa viganja. Bibi hakumkumbatia mjukuu wake kama Yiu alivyokuwa akiomba moyoni. Alisimama akamtazama.

"Unajua nilikuwa nanong'ona nini dirishani?" aliuliza. "Majina ya ndugu zangu saba. Kila nikiamka nayahesabu, nione kama bado yamo kichwani. Yakitimia saba, najiambia pengine nimeyabuni mawili. Siku tatu, Yiu. Mkono huu utapona. Lakini uliniacha nijiogope mwenyewe, nawe umekaa pembeni yangu unakula uji."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Sijafika huko bado."

Fundi Leung aliikwaruza plasta ile kwa ukucha. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Ghorofa ya tisa nimetoa karatasi kwenye jicho. Ya kumi na nne, ubani wa kutafuna. Jumba zima mnachoma udi, na hakuna hata mmoja aliyetupigia simu kutuambia. Mngesema, ningelihamisha jicho kwa dakika ishirini." Aliandika kwenye karatasi yake, polepole, akaisoma kwa sauti ili wote wasikie: jicho lilizibwa na mtoto, mtoto amekiri mwenyewe, chanzo ni moshi wa udi. "Mtapewa onyo kali, hilo haliepukiki. Kuhamishwa sidhani, kwa aliyesema kabla hajakamatwa. Haya, mama mkubwa, nishikie tochi. Macho yako naona ni mazima."

Bibi aliishika tochi kwa mkono mzima, jicho likahamishiwa upande wa miguuni, mbali na rafu ya wahenga.

Jioni ile Baba alikipigilia kigoda mguu mpya, usiolingana na mingine. Mama alipiga simu kazini akasema kile kitanda wampe mtu mwingine. Kisha akamwita Yiu akamkalisha kando yake.

"Mimi uchovu wangu nikilala unaisha," alisema. "Ule uliomtwika Bibi hauna kitanda cha kuulalia. Kunihurumia hukukosea. Ulikosea kuziba jicho, na hilo lilikuwa kosa dogo, lako peke yako. Ulipokaa kimya, likawa kubwa na likawa lake. Siku nyingine ukikosea, sema siku ileile, kosa likiwa bado lako."

"Ndiyo, Mama."

Jumatatu, saa moja na robo, Mama aliingia na kiatu mkononi. Moshi wa udi ulikuwa ukipanda upande wake, haumsumbui mtu. Yiu alisimama kwenye kitufe, akatazama chini. Kigoda kilikuwa palepale katikati, na Bibi juu yake, bakuli la chai mkononi. Yiu alitaka kukisogeza.

"Usiniguse," Bibi alisema. "Bonyeza."

Yiu alibonyeza. Kitanda kilishuka shubiri moja, kikasimama.

"Kuna kitu chini. Tafadhali ondoa."

"Kipo!" Bibi aliijibu ile sauti, huku akiinuka na kuvuta kigoda chake. "Bado kipo, na akili zake zote saba!"

Mama alicheka akiwa bado ameegemea ukuta, macho yamefumba. Bibi alipopita karibu na mjukuu wake, alimpa lile bakuli la chai amshikie, na Yiu akalipokea kwa mikono miwili.