Maji Matamu ya Kibamba

Mjomba Mudathir aliachia kamba baba akiwa ananing'inia katikati ya kisima.

Nikaidaka. Ikanichuna viganja, ikapita. Nikasikia kishindo.

Wadau, kaeni vizuri. Hii ni ya mwaka tisini na mbili, enzi hizo ukisema unahamia Kibamba watu wanakuuliza utarudi lini mjini.

Baba alikuwa kapunguzwa kiwandani. Akataka auze nyumba yetu ya Tabata, anunue shamba, tule tunacholima wenyewe. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyetutafutia.

Siku ya kulikagua, baba alikuwa kama daktari. Udongo kaufikicha, kaunusa. Mihogo kaifukua, kaipima kwa mkono. Mwisho kisima. Kiangazi kikali, lakini maji yamejaa mpaka unajiona sura.

Mama akanywa funda moja. Akamtazama mjomba.

"Vipi, Mama Twaha?" baba akauliza.

"Matamu." Akajifuta mdomo kwa khanga.

"Mjomba, au umekiunga na bomba?" nikatania.

Baba akacheka mpaka akakohoa. Mjomba naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Nyumba ikauzwa. Tukahamia.

Mbegu hazijaota vizuri, ndoo ikaanza kugonga chini. Nikasema kisima kimefunga Ramadhani. Hakuna aliyecheka.

Baba akaamua kichimbwe zaidi. Akateremka na mtaimbo, mjomba kashika kamba. Mtaimbo ukalia ngo, kama umegonga sakafu.

"Nivute," baba akasema.

Mjomba akavuta. Mie nimeinama pale juu, nimpokee baba mkono.

"Shemeji," sauti ikatoka humo, taratibu, "huku chini kumepigwa saruji. Hili ni tenki. Ulilijaza na nini?"

Hapo ndipo kamba ilipoachiwa.

Mjomba alikimbia na ndala moja, wadau. Hatujamwona tena.

Majirani wakatusaidia kumtoa baba. Miguu ilikuwa imeshakufa. Mmoja wao, Yuliana, akaniambia, "Boza la maji lilikuja siku moja kabla hamjaja kulikagua shamba. Sie tulidhani mnataka kujenga. Maji ya kunywa huku tunayafuata bondeni, mbali."

"Mbona hamkutuambia, dada?"

"Mlituuliza? Mlisalimia, mkapita."

Mihogo ikakauka yote. Jioni moja nimekaa uani na mama, namlaani mjomba kwa kila jina nililojaliwa. Mama akanikatiza.

"Yale maji yalikuwa na dawa ya maji ya bomba. Niliisikia kwenye ulimi siku ileile."

"Mama... ulijua?"

"Ni kaka yangu, Twaha. Ningemuumbua vipi mbele ya baba yako, naye amesimama pale?"

Ndani, kitanda kikalia. Baba alikuwa macho.

Tangu hapo, mama akimpelekea maji ya kunywa, baba anaonja kwanza. Anamtazama. Ndio anameza.

Kwa hiyo wewe unayetaka kukimbilia shamba, kisima achana nacho kwanza. Muulize jirani yeye anachota wapi. Na mkeo ukitaka kumuuliza kuhusu ndugu yake, muulize mkiwa wawili tu.