Mchezo Usiosubiri Mtu

Asubuhi za Jumamosi Narae alikuwa na kazi zake: kufua soksi, kushusha taka kutoka ghorofani, na kumnunulia Bibi tofu kwenye duka la kona. Akizimaliza, alikuwa huru hadi jioni. Lakini Jumamosi hii ilikuwa siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya kuliwa majira ya baridi. Sebule ilijaa mabeseni ya kabichi zilizolowekwa kwenye maji ya chumvi. Mama alikuwa zamu hospitalini, na mgongo wa Bibi ulikuwa unamsumbua.

"Bibi, tuna kikundi cha hesabu shuleni," Narae alisema huku akivaa viatu. "Nitarudi mchana."

Bibi hakuinua uso. "Haya. Vaa skafu."

Hakukuwa na kikundi cha hesabu. Kulikuwa na Taeho, nahodha wa timu yao, na mchezo uliokuwa ukiwangoja katika ukumbi wa kompyuta karibu na bandari ya Geoje.

Walicheza watano kwa watano, wakipigana na watu wasiowajua kupitia mtandao. Mwanzoni Narae alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Sasa timu ilikuwa imepanda cheo, na raha ilikuwa imekwisha. Wasipocheza siku chache, cheo kilishuka. Mmoja akitoka katikati, wote walishindwa. Mara nyingi Narae alitaka kupumzika, lakini kila alipofungua mdomo, Taeho alimwahi: "Unataka kutuangusha?"

Mchana ulipofika, Narae alikuwa bado kitini. Tambi zake zilikuwa zimepoa. Mkojo ulikuwa umembana vibaya, naye alikuwa amekaza miguu chini ya meza, macho kwenye skrini.

"Kumbe hesabu zenyewe ndizo hizi," sauti ilisema nyuma yake.

Ilikuwa ya Mjomba Giseok, kaka wa mama yake, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli. Bibi alikuwa amemwambia kwa simu kuhusu kikundi cha hesabu; akiwa njiani kwenda kumsaidia, akaiona baiskeli ya Narae nje.

"Mjomba, siwezi kutoka," Narae alinong'ona. "Nikitoka tunashindwa wote."

Mjomba aliitazama miguu yake. "Umebanwa?"

Narae aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Nenda msalani. Nitakushikia."

Watu wa mtaani walisema Mjomba alikuwa bingwa wa ukumbi ule alipokuwa kijana. Narae alikimbia akiamini kwamba timu imepona. Aliporudi, alikuta skrini imegeuka ya kijivu, ishara kwamba mpiganaji wake ameuawa, na Taeho ameinuka kutoka meza ya pili.

"Ajusshi, mzee wangu, umekufa tena?" Taeho alimuuliza Mjomba. "Hata bibi yangu angekwepa ile."

"Mlete basi bibi yako," Mjomba alijibu kwa upole. "Mimi sijui hata hicho kilichoniua ni kitu gani. Zamani hakikuwepo."

Wakashindwa. Taeho akabofya kutafuta pambano jingine. "Kaa, Narae. Lazima turudishe cheo."

Narae alibaki amesimama, mkono kwenye mgongo wa kiti. "Mjomba, kwa nini uliacha? Vidole vilizeeka?"

"Kidogo. Ila si hilo." Mjomba alivua vipokea sauti. "Nilipoanza kazi, nilikuwa narudi nimechoka, nina saa moja tu yangu. Saa hiyo yote nilitukanwa na watoto kama huyu nahodha wako. Nikikosa wiki moja, wenye mchezo wamebadilisha mambo, naanza kujifunza upya. Siku moja mwanangu alikuwa analia chumba cha pili, nami nasema, 'Ngoja, ngoja, nitawaangusha wenzangu.' Alilia mpaka akanyamaza mwenyewe. Nikajiuliza hao wenzangu ni akina nani. Hata majina yao sikuyajua. Basi, hamu ikaniisha."

Narae alimgeukia nahodha. "Taeho, mimi leo naenda nyumbani. Na sitacheza tena mapambano ya cheo."

"Ukitoka, usirudi kwenye timu."

Narae alichukua skafu yake. Yuchan, mwenzao wa timu aliyekaa pembeni, akainuka naye. "Na mimi nimechoka," alisema bila kumtazama mtu. Taeho alibaki akiviangalia viti vilivyo wazi.

Nyumbani Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. Narae alipiga magoti mbele yake. "Bibi, nilikudanganya. Sikwenda kwenye hesabu. Nisamehe."

"Nilijua," Bibi alisema. "Jumamosi shule imefungwa. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Akamsukumia glavu za mpira.

Wote watatu, pamoja na Mjomba, walipaka pilipili kwenye kabichi, jani kwa jani. Baada ya muda Narae aliuliza, "Mjomba, kwa hiyo nisicheze kabisa?"

"Cheza. Mimi bado nacheza na mwanangu, ule wa magari. Akiitwa kula, tunaacha, tunakula." Mjomba alifuta jasho kwa kiwiko. "Ila ukiona kitu kinakuzuia hata kwenda msalani, na kinakufundisha kumdanganya bibi yako, ujue hicho si mchezo tena. Hapo wewe ndiye unayechezewa."

Bibi alikunja jani la kabichi, akamlisha Narae kwa mkono wake. Lilikuwa kali, naye akalitafuna taratibu.