Karatasi Zilizofungia Muhogo

Kila Jumamosi Litia alimsaidia shangazi yake, Mereoni, dukani kwake mjini Savusavu. Alifagia, akapanga mikate, kisha akakaa kwenye mashine ya kutolea nakala. Sheria ilimtaka kila anayenunua laini ya simu aache nakala ya kitambulisho: picha na tarehe ya kuzaliwa, na pembeni kuandikwe namba mpya na mahali anapoishi. Kampuni ya simu ilipelekewa nakala zake. Nyingine Shangazi aliziweka kwenye boksi la biskuti chini ya kaunta, mwezi baada ya mwezi.

Asubuhi moja Shangazi alikwenda sokoni kununua majimbi. Mwanawe, Viliame, akaingia akinuka moshi. Shule yao ilikuwa inauza samaki na muhogo ili ipate madawati.

"Chaza," Viliame alimtania Litia kwa ukimya wake, "leo umefumbua mdomo?"

"Si kwa ajili yako."

"Basi usiseme, nipe tu. Nakuomba karatasi, za kufungia zimetuishia."

Kwao, ndugu akikuomba kitu ukamnyima, aibu ni yako. Litia aliangaza huku na huku, akaona boksi. Karatasi zilikuwa safi, upande mmoja mtupu. Akampa rundo zima.

Shangazi aliporudi alikuwa ameshika muhogo alioununua shuleni. Alifungua karatasi, akaacha kutafuna. Uso wa mteja wake ulikuwa unamtazama.

Akavuta boksi. "Litia, ya Arieta ilikuwamo humu?"

"Ilikuwamo," Litia alisema. Arieta, fundi cherehani, alikuwa amehama kutoka mji wa Labasa akimkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Alibadilisha hata namba ya simu ili asipatikane. Sasa namba mpya na nyumba aliyopanga vilikuwa kwenye karatasi ya kufungia samaki.

Litia alikimbia hadi shuleni. Viliame alipoambiwa, utani ulimwisha.

"Yule mwenye kilemba kwenye picha? Hiyo nimemfungia babu mmoja sasa hivi. Anapanda basi la Labasa."

Basi lilikuwa limeshawashwa. Litia, ambaye darasani hakunyoosha mkono hata kwa jibu alilolijua, alipanda ngazi huku abiria wote wakimtazama. Babu alikuwa kiti cha tatu, kifurushi mapajani.

"Babu, nakuomba hiyo karatasi."

Watu wakacheka. "Nimeshaombwa samaki," babu alisema, "nimeombwa mpaka shati nililovaa. Karatasi yenye mafuta, leo ndiyo mara ya kwanza."

"Ni ya mtu, babu. Niliitoa bila ruhusa yake."

Babu akaacha mzaha. Alivua kofia, akamimina humo samaki na muhogo, akaikunja karatasi bila kuisoma na kumpa.

Nyingine zilizouzwa, Viliame na wenzake walizifuata nyumba kwa nyumba, wakizilinganisha na daftari la majina ya wateja wa duka mpaka zikatimia. Litia na Shangazi walikwenda kwa Arieta wakamweleza yote. Arieta aliigeuza karatasi pande zote mbili.

"Nani ameisoma?"

"Viliame aliona picha tu," Litia alisema. "Babu hakuisoma."

Arieta alishusha pumzi. "Mngenyamaza nisingejua."

"Ungejua siku mumeo anabisha hodi," Shangazi alisema. "Twende ukashuhudie."

Nyuma ya duka, Shangazi alizichoma nakala zote chini ya sufuria ya majimbi, mbele ya macho ya Arieta. Moto ukapanda vizuri.

"Litia, ukiombwa kilicho chako, toa," alisema. "Lakini hizi hazikuwa zako, wala zangu. Watu walitupa nyuso zao na makao yao kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kosa la kwanza ni langu. Sheria ilinituma kuomba, haikunituma kulimbikiza. Kuanzia leo, kampuni ikishapata yake, hapa haibaki hata moja."

Majimbi yalipoiva, Arieta alikaribishwa. Viliame alinusa sahani yake.

"Sasa haya tunakula majimbi au wateja?"

"Kula ufumbe mdomo," Litia alisema. "Leo chaza ni wewe."

Arieta alicheka mpaka akaweka sahani chini, kisha akaomba kuongezewa.