Figo za Panya wa Ibighi

Kwanza apa. Shika koo lako, useme likatike ukimwambia mtu. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa hivyohivyo mbele ya Tupokigwe mwenyewe, na siri yake nikaitunza vizuri sana, mpaka nilipofika sokoni. Koo bado ninalo, basi sikiliza.

Ulikuwa mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Ushirika umekufa, na ghala lake la kahawa pale Ibighi akalikodi Daktari Prosper, mtoto wa Kawetele, aliyerudi kutoka Ulaya na panya weupe mia mbili. Watu walicheka: nchi imejaa panya wa bure, huyu anapanda nao ndege! Tupokigwe akapata kazi ya kuwalisha, yeye na mwenzake Veronika. Mlangoni akawekwa mlinzi, Mzee Ambilikile, baba mkwe wa Tupokigwe.

Na wewe unajua, kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala jina lake halitaji. Akisikia kikohozi chake anajifunika kanga na kugeukia ukutani mpaka apite. Mzee naye alikuwa muungwana, alikohoa mara mbili kila alipotaka kuingia. Mwaka mzima wako kazi moja, na Tupokigwe alichokijua kwake ni viatu, na pindo la koti zito la mtumba alilolinunua mnadani Kiwira.

Asubuhi moja panya wote walikutwa wamegeukia ukutani, hawajagusa chakula. Mmoja alikuwa amekufa. Daktari akampasua. Ngozi nzima, haina hata mkwaruzo, lakini figo zote mbili hazimo, na mahali pake pakavu kama pamefagiwa.

"Mama, nani aliingia humu?"

"Hakuna, daktari," Tupokigwe akasema. Hakudanganya. Asiyetazamwa hahesabiwi.

"Kwa nini figo?" Veronika akauliza.

Daktari akawaonyesha picha zilizorudi kwa posta. Alikuwa akigandisha vipande vya panya na kuvituma Ulaya.

"Kuna kimeng'enya kinachozigeuza homoni za dume na jike," akasema. "Maagizo ya kukitengeneza yameandikwa kwenye kila nyama ya mwili, lakini si kila nyama inayasoma. Tazameni. Ini, doa jeusi, yanasomwa. Figo, jeusi. Moyo, hakuna kitu. Maagizo yamo, ila yamelala."

"Na kwenye kokwa za dume?"

"Kule imeamka aina nyingine."

"Basi za mume wangu zimelala zote!" Veronika akasema, na wakacheka mpaka Tupokigwe akashika mbavu.

Siku ya tatu ukungu ulishuka kutoka mlimani saa saba mchana, ukaingia ghalani kwa madirisha. Tupokigwe alikuwa akifagia. Akasikia kikohozi, mara mbili. Akajifunika, akaweka paji la uso ukutani, na viatu vikapita nyuma yake polepole, pamoja na harufu ya sufu mbichi na damu iliyolala, na panya wakaanza kulia wote kwa pamoja kama watoto, kisha akamsikia Veronika akisema, "Shikamoo, babu, mbona mkono wako," na sentensi haikuisha, kikafuata kishindo, na mlio kama wa shuka mbichi inayochanwa, ikichanwa na kuchanwa, na kitu cha moto kikamrukia Tupokigwe kisiginoni, na yeye, kwa adabu aliyofundishwa tangu siku ya harusi, hakugeuka.

Viatu vilipotoka ndipo akatazama. Veronika alilala kifudifudi, mgongo uko wazi pande zote mbili za uti. Damu ilifika kwenye kenchi za paa.

Kabla ya saa tisa uwanja ulijaa watu. Tairi likaletwa, na dumu la petroli.

"Walikuwa wawili, mmoja kafa! Mchawi ni nani mwingine?"

"Ulimwona nani? Sema!"

Aseme nini? Jina la mkwe halitajwi, na petroli ilikuwa ikimtiririka shingoni.

Aliyemtetea alikuwa Mzee Ambilikile. "Mwacheni mke wa mwanangu!" alilia, mkono wa kushoto mfukoni mwa koti. "Mtoto huyu ana adabu!"

Ndipo akafika Husseni, fundi cherehani, anayewasomea wenye majini. Akainusa damu ya kisiginoni mwa Tupokigwe.

"Subirini na hicho kiberiti," akasema. "Jini huyu ameenea mwili mzima wa mtu, lakini ameamka kwenye kiungo kimoja tu. Mwenyewe hana habari."

Daktari Prosper akashtuka. Maneno hayo aliyasema yeye, juu ya panya.

"Leteni kizimba cha panya," Husseni akanong'ona. "Pitieni mmoja mmoja. Panya wanamjua."

Daktari akapita, panya wakaendelea kutafuna. Tupokigwe akasukumwa mbele. Panya wakamjia, wakamnusa vidole. Kiberiti kikashushwa, na dada mmoja akaanza kulia kwa aibu.

Nyuma yake, kikohozi. Mara mbili.

Panya wakageuka wote, migongo huku, nyuso kwenye ukuta wa kizimba, kama kundi la wakamwana. Mikono ya Tupokigwe ikapanda yenyewe kushika kanga. Akaishika. Akamkumbuka Veronika na ile sentensi isiyoisha. Akaiachia kanga ikaanguka matopeni, akageuka, akamtazama baba mkwe wake usoni.

Watu wakaguna, "Yee!" Walikuwa bado wanamshangaa yeye. Kisha wakafuata macho yake.

Ilikuwa sura ya mzee mwema, machozi mashavuni. Kando yake Daktari Prosper amesimama kwa ncha za vidole, kinywa wazi, sauti haitoki, na mkono wa kushoto wa mzee umezama kiunoni mwake mpaka kwenye kifundo, unapekuapekua. Ukachomoka mbele ya wote, mwekundu mpaka kiwikoni, umeshika figo inayotoa mvuke. Daktari akaporomoka.

Mzee hakuutazama mkono. Alimtazama Tupokigwe kwa uchungu mkubwa.

"Mwanangu," akasema, "leo unanitazama usoni?"